Mtoto wa Vikombe Apata Sifuri

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumai hujambo, na kwamba lifti ya jengo lenu imeshatengenezwa, maana mara ya mwisho ulilalamika kwamba ukifika ofisini ghorofa ya nne unakuwa huna pumzi hata ya kumwitikia katibu wako salamu. Sisi hatujambo. Mama ameanza kujifunza udereva. Usicheke, maana mimi nimeshacheka kwa niaba ya ukoo mzima na nimenuniwa siku mbili. Mwalimu wake ni kijana mpole sana, au alikuwa mpole, kwa sababu juzi nilimsikia akisema, "Mama, usinitazame mimi, tazama barabara," kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Baba amegoma kupanda. Anasema atapanda siku Mama akipata leseni, na hata hapo atakaa nyuma.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe hufundisha. Nikisema "halo" tu, mada imeshafunguliwa. Kwenye karatasi huwezi kunikata kauli, itabidi usome mpaka mwisho.

Sasa sikiliza. Pale chuo cha ualimu tuna mkufunzi wa saikolojia ya elimu tunayemwita Mama Ushahidi. Ni mwembamba, miwani yake inaning'inia kwenye kamba, na ukimwambia leo kuna joto atakuuliza ushahidi uko wapi. Jumatatu aliingia na kitabu chako. Anakibeba kwa mikono miwili. Kimefunikwa kwa karatasi ya plastiki, na kurasa zimejaa mistari ya penseli iliyopigwa kwa rula. Akafungua sura ya nne, akaanza kusoma: "Mtoto wa kike wa miaka mitano, mchangamfu, mwenye pengo la meno mawili ya mbele, alikuwa amekaa sakafuni jikoni kwao."

Mjomba, lile pengo nalijua. Lipo kwenye picha iliyotundikwa sebuleni kwetu, juu ya televisheni, na mwenye pengo ni mimi.

Aliposoma kwamba mtafiti alitia maji sawasawa kwenye vikombe viwili, kisha akakimimina kimoja kwenye bilauri ndefu na kumwuliza mtoto wapi kuna maji mengi, nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mwenzangu wa kushoto alidhani nataka kutapika, akasogeza begi lake. Kumbe yule wanayemwita Mtoto wa Vikombe ni mimi. Vyuo vyote vinanisoma. Kuna watu wamepata shahada kwa ajili yangu, na mimi nakopa kalamu kila siku.

Kwa nini hukuniambia? Sijamwambia mtu, maana uliniomba nisitumie jina lako chuoni na nimeahidi. Ila jana kwenye foleni ya chakula nilisimama kwa maringo kidogo, nisikufiche.

Mpwa wako maarufu

---

27 Februari

Mpwa wangu mtukutu,

Marahaba, mama, marahaba. Barua yako imefika, na katibu wangu aliniona nikicheka peke yangu mezani. Alifunga mlango taratibu kama mtu aliyeona jambo lisilomhusu. Lifti imetengenezwa nusu. Inashuka, haipandi. Fundi anasema hiyo nayo ni hatua.

Mwambie dada yangu nampongeza, na amwonee huruma yule kijana. Tulipokuwa wadogo alijaribu kunifundisha baiskeli. Sipendi kulizungumzia.

Ndiyo, ni wewe. Nilikuwa mwanafunzi tu wakati ule, nakaa kwenu chumba cha uani, naandika tasnifu ambayo haikuwa na mbele wala nyuma. Maadili ya utafiti yanatukataza kumtaja mtoto tunayemchunguza, kwa hiyo sikumtaja, hata kwako mwenyewe. Nakiri kwamba katika hilo nilizidisha kidogo. Lakini hebu fikiria maajabu yenyewe. Kila wiki nilikuwa nakuuliza swali lile lile, na kila wiki ulinionyesha bilauri ndefu. Miezi ikapita hivyo. Halafu siku moja, bila onyo, ukasema, "Ni sawa." Hukusita wala kutafakari. Ilikuwa kama umeme uliokatika kisha ukarudi nyumba nzima. Hapo ndipo nilipoandika kwamba mtoto haelewi kidogo kidogo. Anaelewa ghafla, mara moja. Mwanga wa Ghafla. Nadharia hiyo ndiyo iliyonipa masomo ya nje, kitabu na kazi.

Na sasa kaa kitako nikupe habari. Wamenipa uprofesa kamili. Mwezi wa Julai nitatoa mhadhara wangu wa uprofesa mbele ya chuo kizima, kwa joho, na mada yake ni "Vikombe Viwili, Mtoto Mmoja". Kwa hiyo unaweza kuringa foleni nzima, nakuruhusu. Ila kimya kimya.

Mjomba wako, profesa wa kupanda ngazi

---

30 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na hongera. Nilipowasomea barua yako Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Baba anauliza kama profesa kamili analipiwa nauli, maana hajakuona siku nyingi. Mama amefanya jaribio la udereva na ameanguka. Si kwa kuendesha vibaya. Alimkanya askari aliyekuwa anampima, eti anaandika huku anatafuna.

Hata mimi nimeanguka. Tena nimeanguka mtihani wa saikolojia, na swali lililoniangusha ni mimi.

Nasema kweli tupu. Swali la mwisho, alama ishirini: "Eleza kwa nini Mtoto wa Vikombe alibadili jibu lake." Nilifurahi hadi nikatoa sauti na msimamizi akanikazia macho. Nikaandika kurasa tatu. Nimepata sifuri. Mama Ushahidi ameandika chini kwa wino mwekundu: "Hizi ni hadithi. Ushahidi uko wapi? Rudia sura ya nne." Mwenzangu wa kushoto, ambaye hulala macho wazi darasani, amepata kumi na nane.

Nimecheka, Mjomba, nimecheka mpaka machozi, kisha nikaona yale machozi mengine si ya kicheko. Bila kufaulu somo hili siendi kwenye mazoezi ya kufundisha. Nisipokwenda, narudia mwaka mzima. Nimepewa mtihani wa marudio mwezi wa Juni, na swali la vikombe litakuwemo tena, ameshatuambia.

Niliandika nini? Niliandika kwamba mtoto alijua. Nilijua tangu mwanzo mwanzo kwamba maji ni yale yale, wewe si ulikuwa unayamimina mbele ya macho yangu? Lakini nikionyesha bilauri ndefu, ulikuwa unasema "Ahaa," unakunja ile miguu yako mirefu, unakaa tena sakafuni, na tunamimina upya. Nyumba nzima hakukuwa na mtu mzima mwingine aliyekaa sakafuni. Mtoto gani angejibu vizuri?

Sikusema kwamba mtoto ni mimi, kwa sababu ya ahadi. Naomba basi umwandikie Mama Ushahidi mstari mmoja tu, kwamba jibu langu lina msingi. Neno lako kwake ni sheria. Anakubeba kwa mikono miwili.

Mpwa wako, roho juu

---

11 Mei

Mpwa wangu,

Natumai hamjambo nyote. Samahani kwa kuchelewa. Nimekuwa na mambo mengi, na kubwa kati ya hayo ni joho. Fundi alinipima mwenyewe, kwa tepu, nimesimama wima, kisha akamshonea mtu mwingine aliye mrefu kunizidi. Linaburuza. Nimemrudishia, amelirudisha linaburuza vile vile, ila sasa na mikono nayo imeshuka. Katibu wangu anasema nikitembea polepole itaonekana ni heshima. Lifti imeacha kushuka. Nampongeza dada yangu kwa moyo wake wa kutovumilia utafunaji kazini.

Kuhusu lile jambo lako. Nimelitafakari kwa upana. Kitaalamu, kumbukumbu za mtu kuhusu umri wa miaka mitano haziaminiki. Tunachokiita kumbukumbu mara nyingi ni kitu tulichokishona baadaye, kutokana na picha, masimulizi ya wazazi na mapenzi yetu wenyewe. Hukumbuki, mama. Unadhani unakumbuka. Mimi nilikuwepo nikiwa mtu mzima, na kila kitu nilikiandika papo hapo.

Tena barua ya mjomba kwa mkufunzi ni upendeleo, na upendeleo hautakupendeza hata wewe. Ushauri wangu ni mmoja. Mwezi wa Juni andika kama kitabu kinavyosema, ufaulu, uende ukafundishe. Mengine tutayazungumza baadaye, kwa nafasi.

Wasalimie wote. Hapa kumeanza kunyesha.

Mjomba wako

---

20 Mei

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo. Hatujambo. Kwetu hakunyeshi.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nimekaa na ya pili nikitembea huku na huku ukumbini, maana sikuamini mtu anaweza kuzunguka mbuyu kurasa mbili bila kushikwa na kizunguzungu. Nusu ni joho, nusu ni mvua, na katikati unaniambia kwamba mimi sijijui. Unasema una ushahidi. Mjomba, ushahidi wako ni mimi.

Nimefanya na utafiti, usidhani nimekaa tu kununa. Kwenye shule ya mazoezi iliyo jirani na chuo wanaturuhusu kukaa na watoto wa darasa la awali wakati wa mapumziko. Nikachukua vikombe viwili na bilauri. Nikamwuliza binti mmoja, aliyefunga vifungo vyote vya shati lake kwenye matundu ya jirani, wapi kuna maji mengi. Akasema, "Ni sawa tu." Nikamwuliza tena, kama ulivyokuwa unaniuliza wewe, kwa kuinamisha kichwa. Akanitazama usoni, hakutazama maji. Akasema, "Kile kirefu?" Nikamwuliza mara ya tatu. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unataka kipi?"

Nilikaa palepale sakafuni nikacheka hadi kengele ikalia, na watoto wengine wakaja kucheka bila kujua tunacheka nini. Huyu hana kumbukumbu za kushona, Profesa. Ana miaka mitano leo.

Nilimwuliza Mama pia. Nikamwambia, Mama, wewe ulikuwepo, nani mkweli? Alikuwa anasoma kitabu cha alama za barabarani. Hakuinua hata macho. Akasema, "Mimi simo. Ila mwulize mjomba wako kwa nini aliacha kuja jikoni."

Basi nakuuliza. Kwa nini uliacha kuja jikoni?

Na mwezi wa Juni sitaandika kama kitabu kinavyosema. Nitamwambia mtoto gani kesho aseme kweli darasani, ikiwa mimi nimedanganya kuhusu mimi mwenyewe ili nipate cheti cha ualimu? Nikianguka, nimeanguka.

Mpwa wako, anayejijua

---

4 Juni

Mpwa wangu,

Natumai hamjambo. Mimi sijambo.

Umeniuliza kwa nini niliacha kuja jikoni. Nilikuwa nimepata nafasi ya masomo ya nje. Kulikuwa na pasipoti ya kushughulikia, picha za kupiga, watu wa kuwaaga. Unajua mambo ya safari.

Nimeisoma habari ya yule binti mwenye vifungo. Nimewapa wanafunzi wangu wa uzamili wajaribu, wamekwenda shule mbili. Wamerudi wanacheka kama wewe. Sikucheka nao sana.

Sina ushauri tena kuhusu mtihani. Nina swali moja, na naliuliza kitaalamu. Tuseme ulijua tangu mwanzo na ulikuwa unajibu vile ili tuendelee kucheza. Ulifanya hivyo miezi mingi, na hukuwa umechoka, nakumbuka hukuwa umechoka. Sasa siku ile, kwa nini ulisema "ni sawa"?

Mjomba

---

17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Tuanze na habari njema, maana zipo. Mama amepata leseni. Askari alikuwa yule yule, na safari hii alikuja mdomo mtupu. Baba amepanda. Amekaa nyuma, amefunga mkanda, na alipoteremka alitoa salamu kwa kila mtu barabarani, hata asiowajua. Kijana wa udereva amekuja nyumbani kushukuru, sijui anashukuru nini, lakini alikula vizuri.

Mtihani nimeufanya jana. Swali lako ndilo lilelile la karatasini, kwa hiyo nakunakilia jibu langu kama ninavyolikumbuka, ulisome kabla Mama Ushahidi hajalitia wekundu.

"Mtoto huyo ni mimi. Nakiri mwanzoni kabisa ili nisiulizwe ushahidi mwishoni. Nilikuwa najua kwamba maji ni sawa. Nilionyesha bilauri ndefu kwa sababu jibu hilo lilimfanya mtafiti akae. Nililigundua hilo mapema, na sikuona sababu ya kuliharibu. Alikuwa na miguu mirefu mno, akiikunja magoti yalifika masikioni, na mimi nilipenda kuyagonga kama milango.

Siku moja, kabla hatujaanza mchezo wa siku hiyo, nilimsikia mtafiti akizungumza na mama yangu uani. Alisema mtoto habadiliki. Alisema asipobadilika kazi yake yote imekwisha, atarudi nyumbani mikono mitupu na watu watamcheka. Nilichungulia. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameinamia magoti yake. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mrefu akiwa mdogo hivyo.

Alipokuja jikoni akamimina maji na kuniuliza, nilimwonea huruma, nikampa alichokuwa anakitaka. Nikasema ni sawa. Alinirusha juu mpaka nikaigusa taa. Akacheka, akambusu mama kichwani, akatoka mbio.

Kesho yake nilipanga vikombe mwenyewe sakafuni, nikakaa. Keshokutwa pia. Mama alipika akiniruka ruka. Hakuja tena.

Kwa hiyo mtoto hakupata mwanga wa ghafla. Mtoto alikuwa anamsoma mtafiti wakati mtafiti anamsoma mtoto, na alimsoma vizuri zaidi. Alichojifunza siku ile hakihusu maji. Alijifunza kwamba ukitoa jibu sahihi, mchezo unakwisha na mtu anaondoka. Nadhani madarasani wamo wengi wa aina hiyo, wanaojua na kunyamaza, na mwalimu anawaandika wazito. Mwalimu afanye nini? Akipata jibu sahihi, asikimbie. Akae."

Ndiyo hivyo. Jina lako sikulitaja, ila kujificha mimi mwenyewe kumenishinda. Nilitoka chumba cha mtihani mwepesi, nikanunua maandazi ya watu wawili na kuyala peke yangu. Nikianguka nitarudia mwaka, nimeshajiandaa. Mwenzangu wa kushoto ameniahidi maelezo yake ya darasani, ambayo ni kurasa nne kwa mwaka mzima.

Sikukuandikia haya ili uharibikiwe na mhadhara. Uliuliza.

Mpwa wako

---

23 Julai

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijijui nikoje, nakuandikia huku nacheka, na joho bado ninalo mgongoni kwa sababu vifungo vimegoma.

Mhadhara umekwisha leo mchana. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wakubwa wa chuo mstari wa mbele, wanafunzi wangu nyuma, kipaza sauti kinachopiga mluzi kila nikisema "mtoto". Kupanda jukwaani nilikanyaga joho, nikaingia mbele ya watu kwa magoti. Walipiga makofi, wakidhani ni unyenyekevu.

Nikaanza kusoma nilivyoandika. Nikafika siku ya "ni sawa". Niliyaona maneno yangu yamekaa pale kwenye karatasi, Mwanga wa Ghafla, kwa herufi nene, na sikuweza kuyasoma. Nikawaambia, "Mabibi na mabwana, miaka yote hii tumemzungumzia mtoto huyu na hakuna aliyemwuliza. Mimi nimemwuliza. Amejibu." Nikatoa barua yako mfukoni, nikasoma yote. Ya magoti kama milango, ya ndoo, yote.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, akafuata wa pili, na ukumbi ukaangua. Mkuu wa chuo alikuwa anatazama ratiba kama mtu anayetafuta mlango. Nilicheka na mimi, niko huko juu na joho langu, nadharia yangu imelala chali mbele ya kila mtu, na sijawahi kujisikia mzima namna ile.

Hapo akasimama mama mmoja katikati, mwembamba, miwani kwenye kamba, kitabu changu mikononi kimefunikwa plastiki. Alisafiri siku nzima kuja kunisikia. Akasema kwa sauti kavu, "Profesa, ushahidi uko wapi?"

Nikamjua pale pale. Nikamwambia, "Mama, nadhani uko mezani kwako. Mara ya kwanza uliupa sifuri."

Alikaa. Akasimama tena. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Basi nitausahihisha upya, na nitaomba mkufunzi mwingine asahihishe pamoja nami, maana sasa najua ni wa nani." Alipokwenda zake alisahau kitabu kwenye kiti. Wanafunzi walimshangilia kuliko walivyonishangilia mimi.

Sasa lile swali lako ambalo nililijibu kwa pasipoti. Safari ilikuwa bado miezi mitatu. Sikuja jikoni kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta, na sikukumbuka kutazama nani amenipa. Nimeona haya kuliandika hilo, na zaidi nimeumia kwamba uliketi siku mbili.

Sura ya nne itaandikwa upya. Nataka tuiandike wawili, jina lako na langu. Nimekuandalia maswali, ni mengi, yamejaa bahasha. Nikutumie, nawe ujibu kidogo kidogo kwa posta?

Mjomba wako anayekupenda

---

19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Matokeo yametoka. Nilikwenda kuyatazama ubaoni na Mama, kwa gari lake, na kwa mwendo wake, kwa hiyo tulifika wakati wenzangu wote wameshatazama na kuondoka. Nimefaulu. Kumi na nne kwa ishirini, wasahihishaji wawili, sahihi mbili. Mama Ushahidi ameandika chini kwa wino ule ule mwekundu: "Hoja ina nguvu. Maneno yamezidi, hasa kuhusu magoti ya mtafiti." Nilirukaruka pale mbele ya ofisi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimekanyaga kitu. Mama alipiga honi. Baba, kiti cha nyuma, alinipungia mkono kama rais.

Jumatatu ijayo naanza mazoezi ya kufundisha. Watoto arobaini na mmoja, darasa la kwanza. Nimeota wote wakiniuliza swali moja kwa pamoja na mimi sijui jibu, nikaamka nimefurahi.

Kuhusu sura ya nne, nakubali. Jina langu liandikwe la pili, nisije nikavimba kichwa. Lakini bahasha ya maswali usinitumie. Sitajibu hata moja kwa posta. Umeniuliza maswali mengi ukiwa mbali, na umenisoma ukurasa baada ya ukurasa bila kuniona nimefikia urefu gani. Kila ulipokuja nyumbani ulikuwa na ndege ya kuwahi na koti hukulivua.

Njoo mwenyewe. Chumba cha uani Mama ameshakifagia, anajifanya anatafuta kitu kilichopotea. Baba amesema nauli ya profesa kamili haimhusu, ila kukupokea stendi kwa gari la Mama hilo ni jaribu lako na Mungu wako. Njoo na maswali yote, uniulize nikikutazama usoni, na nitakujibu kweli kila moja, sitakuonyesha bilauri ndefu tena.

Lakini safari hii, Mjomba, nikikupa jibu sahihi, usisimame. Kaa.

Mpwa wako